Nimetubu, ila mpaka bado upo pale nilipouhamishia

BARUA YA MSOMAJI

Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Naomba usitaje jina langu wala kijiji changu. Mkoa taja tu, Kilimanjaro ni kubwa. Mimi ni mwanaume wa miaka 61, mkulima, mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri. Nina mke, watoto wanne na wajukuu. Haya ninayokuandikia anayajua mke wangu peke yake.

Kwetu tulizaliwa wavulana watatu. Kaka mkubwa alipewa kihamba kingine, yaani shamba la ukoo la migomba, mapema, akaenda zake. Mimi wa kati nilikatiwa sehemu jirani na nyumba ya baba, na mdogo wangu, kitinda mimba, akaachiwa nyumba ya baba na kihamba chake, kama ilivyo desturi yetu. Sikupinga, ila moyoni ilinikaa. Mdogo wangu alikuwa na ajira Dar es Salaam, anakuja Krismasi na soda za watoto, wiki ikiisha anarudi. Mimi ndiye niliyemuuguza baba miaka yake ya mwisho, kumgeuza kitandani, kumbeba usiku hadi barabarani tukitafuta gari la kumpeleka hospitali. Na upande wake mdogo wangu ndio ulio na mfereji.

Alifariki ghafla mwaka 2004. Tulimzika nyumbani, kando ya baba. Aliacha mjane na watoto watatu, wa mwisho ana miaka minne. Matanga yalipoanuliwa shemeji akarudi Dar, kwa sababu watoto walikuwa shuleni na yeye alikuwa na genge lake la mboga. Mvua za masika zilipoanza niling'oa masale, ile mimea tunayopanda kuonyesha mpaka, nikayapanda upya ndani ya eneo lake, upana wa hatua kama kumi, kutoka barabarani hadi mferejini. Masale hayana shida, ukikata kijiti ukakichomeka kwenye udongo mbichi kinashika. Nilifanya alfajiri. Mashimo ya zamani niliyafunika na majani makavu ya migomba. Baada ya mwaka ungedhani yaliota pale tangu enzi za babu.

Shemeji alipokuja Desemba ya mwaka uliofuata, aliona. Akasema mbele ya watu, "Huu mparachichi ulikuwa kwetu." Ukoo ukakaa. Nikasimama nikaapa kwamba mpaka upo pale alipouacha baba. Mzee mmoja jirani, ambaye nilikuwa nimeshaongea naye pembeni, akasema ndivyo anavyokumbuka. Wazee wakaamua hivyo. Na yakasemwa maneno ambayo sikuyazuia: kwamba mwanamke wa mjini ana tamaa, kwamba mume hata kaburi halijakauka anataka kuuza ardhi ya ukoo. Alilia, akafunga mizigo kabla ya Krismasi. Tangu hapo hajalala tena kijijini. Kwenye misiba anakuja na kuondoka siku hiyohiyo.

Mwaka 2017 nilitubu katika semina ya neno la Mungu. Sikuigiza, nililia mpaka nikaishiwa nguvu. Nilimwambia mhubiri kwa siri kwamba niliwahi kumdhulumu ndugu ardhi. Akaniwekea mikono, akasema, "Damu ya Yesu imeifuta. Usiirudie, maana ukiirudia unamwambia Kristo kwamba msalaba haukutosha." Nikaacha pombe. Baadaye nikachaguliwa mzee wa kanisa. Kanisa lilipoezekwa upya nilitoa bati nyingi kuliko mtu yeyote mtaani kwetu, na nikikwambia ukweli, nilizitoa huku namfikiria shemeji.

Mwaka 2021 mwanangu wa pili alijenga kwenye sehemu ile, upande wa barabarani, kwa mkopo wa SACCOS. Hajui lolote.

Desemba iliyopita akaja kitinda mimba wa marehemu, sasa ana miaka 25. Amefanana na baba yake hadi mwendo. Akanisalimia kwa heshima, akaniambia anataka kuanza chumba na sebule pale kwao ili mama yake akizeeka apate pa kufikia. Akanyoosha kamba kupima. Kati ya nyumba ya zamani, makaburi na mpaka, nafasi haikutosha. Akaniuliza, "Baba mkubwa, mbona kwetu pembamba hivi?" Nikamjibu, babu yenu ndivyo alivyogawa.

Tangu hapo usingizi umekata. Jumapili ya Meza ya Bwana nilibaki nyumbani, nikasingizia mgongo.

Nilimwambia mke wangu nataka kurudisha. Akaniuliza kama nimerogwa: mtoto ana deni, nyumba ipo, tutachekwa, na uzee wa kanisa utavuliwa. Mwanangu mkubwa, nilipomuuliza kwa mafumbo, alisema madai ya ardhi yakipita miaka 12 hakuna kesi tena. Yule mzee aliyenishuhudia ameshakufa. Nikinyamaza, hakuna atakayejua.

Nauliza: toba yangu ya 2017 haikuwa toba? Na je, nikimpa kijana ile sehemu ambayo bado ipo wazi, kuanzia nyuma ya nyumba ya mwanangu hadi mferejini, nikamwambia ni zawadi ya baba yake mkubwa, si nitakuwa nimerudisha bila kubomoa familia mbili? Au nimpelekee shemeji isale mbele ya wazee, kimila, yaishe?

Mzee wa Kihamba, Kilimanjaro

JIBU LA MSHAURI

Mzee wangu, shikamoo. Jina halitajwi, wala kijiji.

Nianze kwa kukurudishia uliyoyaandika, uone kama nimekuelewa. Ulichukua sehemu ya kihamba cha marehemu mdogo wako wakati mjane wake yuko mbali, ukaapa mbele ya ukoo, ukaaminiwa. Miaka mingi baadaye ukamlilia Mungu, ukaambiwa umesamehewa, na mwenendo wako ukabadilika kweli. Sasa kijana amekuja na kamba, na msamaha uliokuwa ukiuegemea umeanza kuyumba. Unauliza kama ulikuwa halali. Papo hapo unatafuta namna ya kurudisha udongo bila kuyagusa maneno uliyosema siku ile ya kikao. Haya mawili naona yamefungana, ndiyo maana sitajibu kwa mpangilio wako.

Mhubiri wa semina hakukudanganya. Katika imani yetu msamaha haulipiwi kwanza. Mwangalie Zakayo katika Luka 19: Yesu alijialika nyumbani kwake kabla mtoza ushuru yule hajatoa hata senti. Habari ya nusu ya mali kwa maskini, na ya kurudisha mara nne, ilitoka kinywani mwa Zakayo mwenyewe, na pale hapakuwa na aliyemdai. Kwa hiyo mtu akikwambia Mungu hatakusamehe mpaka urudishe zile hatua kumi, ameigeuza Injili kuwa mnada.

Lakini mhubiri aliongeza "usiirudie", na hapo nadhani aliharakisha. Pengine si kosa lake. Kwa maelezo yako ulimwambia kwamba uliwahi kudhulumu, kama mtu anayesimulia jambo lililokwisha. Hakujua kwamba migomba ya pale bado inakatwa mikungu na nyumba yako. Nabii Mika anasema dhambi zetu hutupwa katika vilindi vya bahari. Sawa, dhambi. Ardhi yenyewe haikutupwa baharini, ipo hapo kijijini, na mwenye nayo alikuja Desemba kuipima. Sijui mhubiri angesema nini kama angeyasikia haya yote. Wewe unadhani angesema nini?

Sasa swali lako kwamba toba ile haikuwa toba. Wewe ni Mlutheri, basi chukua hoja ya kwanza kabisa kati ya zile 95 alizoandika Martin Luther mwaka 1517: Bwana wetu aliposema "tubuni", alitaka maisha yote ya waamini yawe toba. Ukikubaliana naye, 2017 haihitaji kufutwa wala kutetewa. Inawezekana ilikuwa ya kweli kabisa, ikakutoa kwenye pombe, ikakuleta kanisani, halafu ikafika kwenye mpaka ule ikasimama. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 12, linataja sehemu mbili za toba, yaani majuto na imani katika msamaha, kisha linasema matendo mema yafuate kama matunda. Majuto ulikuwa nayo. Imani ulikuwa nayo. Kuhusu yanayofuata, ni wewe uliyeniandikia, kwa hiyo ninaona yameanza kukusumbua.

Kuna mtu mmoja katika Biblia ninayemkumbuka kila ninaposikia habari za toba na mashamba. Mfalme Ahabu alitamani shamba la mizabibu la Nabothi. Mkewe Yezebeli akapanga mashahidi wa uongo, Nabothi akauawa, shamba likachukuliwa. Eliya alipomkemea, Ahabu alirarua mavazi, akavaa magunia, akafunga. Na Mungu aliiona toba ile, akamwambia Eliya kwamba kwa kuwa Ahabu amejinyenyekeza, mabaya hayatakuja siku zake. Hicho ni 1 Wafalme 21, kisome chote. Mungu aliyakubali machozi ya Ahabu. Ila ukitafuta mahali panaposema shamba lilirudishwa kwa watu wa Nabothi, hupaoni. Linatajwa tena katika 2 Wafalme 9, na wakati huo aliyesimama hapo ni mwanawe.

Sikutajii hili kukutisha na laana. Watu wetu wamechoshwa na laana za madhabahuni, na mwanao hana kosa lolote. Nimelitaja kwa sababu linaonyesha kwamba mtu anaweza kulia machozi ya kweli na jambo likabaki pale pale, kisha likawafikia watoto ambao hawakushiriki.

Umeandika pia kwamba usingizi ulikata Desemba. Si 2017, wala siku mwanao alipochimba msingi. Nakuuliza bila kukusuta: kinachokukosesha usingizi ni shemeji, au ni ile kamba ya kijana? Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kuna huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu na kuna huzuni ya dunia. Inawezekana kwako zimechanganyika zote mbili, woga wa kugundulika na uchungu wa kweli. Usijidharau kwa hilo. Mwana mpotevu alirudi kwa sababu ya njaa, alikuwa anahesabu chakula cha vibarua wa baba yake, na baba hakumhoji nia. Bora tu ujue ni lipi linakusukuma, maana woga hutafuta njia ya kuzima moto haraka, na njia ya haraka uliyoiona wewe ni ile ya zawadi.

Hapo kwenye zawadi naomba tukae kidogo.

Mzee wangu, ulichukua vitu viwili. Cha kwanza ni ardhi. Cha pili ni jina la shemeji. Kwa karibu miaka ishirini ameishi akijulikana na ukoo kama mwanamke wa mjini mwenye tamaa, na watoto wake wamekua wakijua mama hapatani na kwao. Mparachichi alioutaja ulikuwa wake kweli. Alisema ukweli, akafukuzwa kwa ukweli huo. Sasa fikiria siku unampa kijana ile sehemu ya nyuma kama zawadi. Ukoo utasema, tazama huyu mzee, pamoja na mama yao kumsumbua kote kule, amewapa ardhi yake. Utasifiwa. Yeye je? Atatakiwa aje kushukuru. Ardhi itakuwa imerudi nusu, na uongo utakuwa umepata nguvu mpya, kwa sababu safari hii umepambwa na ukarimu. Najua hukuiwaza hivyo. Uliwaza amani. Lakini hebu jiulize, akisikia neno "zawadi", moyoni mwake atakuwa anasikia nini.

Ndugu zetu Wakatoliki, katika Katekisimu yao, wanapoeleza malipizi wanasema ondoleo huondoa dhambi lakini halirekebishi madhara yote iliyoleta, na mifano wanayoitoa ni pamoja na kurudisha kilichoibwa na kurudisha heshima ya aliyesingiziwa. Tofauti zetu nao kuhusu kitubio tunazijua. Mifano yao miwili imelenga barua yako kana kwamba waliisoma.

Kuhusu bati nitasema kidogo. Hesabu sura ya 5 inamtaka mkosaji aungame, arudishe alichochukua na aongeze sehemu ya tano, kwa yule aliyemkosea. Kuhani anapokea malipo hayo pale tu asipokuwapo ndugu wa kuyapokea. Shemeji yako yupo, na simu anayo.

Sasa isale. Wasomaji wasiotoka mlimani wajue kwamba mmea uleule unaopandwa mpakani ndio unaopelekwa kwa uliyemkosea. Ukipeleka isale, hasa mbele ya wazee, aliyekosewa hana nafasi kubwa ya kukataa. Akikataa yeye ndiye anayeonekana mgumu wa moyo. Desturi hii imeponya koo nyingi na sitaki kuidharau. Lakini uzito wake huohuo ndio unaonitia wasiwasi kwako. Shemeji alishasimama mara moja mbele ya wazee wale, peke yake, wakamwelemea. Ukimrudisha mbele yao na isale mkononi, utakuwa umemwomba msamaha au umemfunga mdomo? Labda isale ina siku yake. Mimi ningeuliza kwanza kama yeye anataka kuliona, na kama ukweli wote utasemwa kabla halijatolewa. Isale la "kama kuna mahali nilikukosea" ni jepesi mno kwa jambo hili.

Ipo njia ya kwenda kwake Dar wewe mwenyewe, bila kikao, na kumwambia mpaka uliuhamisha na kiapo kilikuwa cha uongo. Ninaitaja nikijua hatari zake. Anaweza kukufukuza. Anaweza kusema hasamehi, na Injili haikupi haki ya kumdai msamaha kwa sababu umeungama. Anaweza kupiga simu kwa ukoo kabla hujafika stendi. Au anaweza kunyamaza tu, na hilo huenda likakuumiza kuliko matusi. Unaandika kana kwamba utampelekea habari, lakini yeye habari anayo tangu Desemba ile. Ambacho hajawahi kukipata ni mtu wa ukoo wa mumewe kumwambia, "Ulisema kweli." Sijui hilo lina thamani gani kwake leo. Ni yeye tu anayejua.

Ukienda, kuna jambo moja ningeliacha nyumbani: habari ya kumuuguza baba. Ni uchungu halali kabisa, na inasikitisha kwamba hakuna aliyekaa nawe miaka ile kukwambia asante, au kumwambia mdogo wako achangie. Ungeweza kuomba kikao cha ukoo ukadai haki yako mchana. Lakini mbele ya mjane maneno hayo yatageuka kisingizio, hata kama hukukusudia. Yapeleke kwa mchungaji wako, au kwa kaka yako mkubwa kama yu hai, hukusema.

Na kwa nini mchungaji wako hayumo katika barua yako? Mhubiri wa semina alipita. Mchungaji wa usharika yupo, na Katekisimu Ndogo ya Luther, uliyoisoma ukijiandaa kwa Kipaimara, ina sehemu nzima ya kuungama na kupokea ondoleo. Anachoungamiwa mchungaji kinabaki kwake. Huko unaweza kusema yote bila kupunguza, kisha mkaangalia pamoja suala la Meza ya Bwana na la uzee wa kanisa. Huenda ukaambiwa upumzike utumishi kwa muda. Hilo litauma, na watu watauliza sababu.

Wapo watakaokushauri usimame Jumapili useme mbele ya usharika wote. Najua hili linatoka wapi. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kuenea Afrika Mashariki miaka ya 1930, ulileta desturi ya kuungama hadharani na kurudisha vilivyoibwa, na wengi wetu tumelelewa na watu wa Uamsho ule. Kurudisha kwao nakuheshimu sana. Kwenye kuungama hadharani nasita kidogo, kwa sababu ungamo lako lina watu wengine ndani yake: mkeo, mwanao, marehemu yule mzee jirani ambaye naye ana watoto. Kipimo ninachokifikiria mimi ni kwamba waliousikia uongo ndio wanaostahili kuusikia ukweli. Uongo ule ulisikiwa na ukoo. Wanakwaya hawakuwamo.

Mama wa nyumbani kwako naomba usimwone kama kikwazo. Amekaa na siri hii miaka yote bila kuitaka, na sasa unamwambia utaifungua siku ambayo mtoto ana deni. Hofu yake ina msingi. Tena huwezi kugawa ardhi ambayo familia inaishi juu yake bila yeye. Je, amewahi kuulizwa yeye anajisikiaje akikutana na shemeji misibani? Pengine anayo yake ya kusema, kando na aibu na deni.

Mwanao aliyejenga ni wa kuambiwa na wewe, mapema, kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Atakasirika, na ana haki. Nyumba yake haimaanishi lazima ibomolewe. Familia nyingine zimewahi kubadilishana vipande, zimelipana thamani ya sehemu iliyojengwa, au zimerudisha iliyo wazi na kufidia iliyobaki. Lakini hayo hupangwa na pande zote mbili zikijua ukweli, na shemeji na watoto wake wakiwa na sauti kuhusu kipi kinawatosha. Ukijipangia mwenyewe kiasi cha kurudisha, umeugawa mpaka mara ya pili peke yako.

Mwanao mkubwa hakukosea sana kuhusu miaka 12. Ndio ukomo ambao sheria yetu imeuweka kwa madai ya kurudishiwa ardhi, ingawa ningependa mwanasheria au msaidizi wa kisheria wa wilayani kwenu aangalie mambo ya mirathi na watoto waliokuwa wadogo. Ila sheria hiyo inamhusu anayetaka kushtaki. Haimkatazi mtu kurudisha. Na mkikubaliana lolote, liandikwe na lifike ofisi ya kijiji, watoto wenu wasije wakaanza upya.

Kunyamaza nako ni njia, nisijifanye sikuiona. Mzee jirani amekufa, shemeji hana ushahidi, kijana atajibana kwenye nafasi iliyobaki au atajenga kwingine. Utabaki na uzee wa kanisa na amani ya nyumbani, pengine. Utabaki pia kuwa shahidi pekee aliye hai, kila Desemba kijana akija kukuamkia. Wengine katika hali yako huandika ukweli kwenye wosia. Ukweli wa wosia unafika wakati mwenye kuulizwa hayupo, na mara nyingi binamu ndio wanaogombana juu yake. Lakini kama leo huna nguvu ya zaidi ya hapo, karatasi iliyoandikwa na kukabidhiwa mchungaji inazidi kitu ambacho hakipo kabisa.

Siwezi kukuchagulia. Mimi sitakula chakula kwenye meza ile baada ya kusema, wala sitalala kwenye kitanda kile baada ya kunyamaza. Nakuomba tu uangalie muda. Kijana alisema anataka kuanza kujenga. Ukimwacha akamwaga mawe na saruji mahali pembamba kwa sababu ya jibu ulilompa, gharama itaongezeka kwake, na kwako pia. Unaweza kumpigia ukamwambia asubiri, kuna jambo la mipaka unataka kuongea na mama yake kwanza. Sentensi hiyo peke yake haijafichua kitu, ingawa najua itafungua mlango ambao ni vigumu kuufunga.

Ukiandika tena, niambie mama wa nyumbani alisemaje ulipomuuliza habari za misibani.